Mwanangu Wanamwita Refa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Alfajiri nauza vitumbua, mchana nashona. Kilio changu ni cha mtoto wangu wa katikati, ana miaka 11, yuko darasa la tano.

Alipokuwa na miaka minne aliugua homa ya uti wa mgongo. Mungu alimponya, ila masikio yakabaki hukohuko. Si kwamba hasikii kabisa. Ukimwita kwa nguvu anageuka, na kuongea anaongea, ingawa wageni hawamwelewi vizuri. Miaka miwili iliyopita walikuja madaktari wa kambi, wakampima, wakamtia masikioni kitu laini kama ugali kuchukua umbo, na baada ya wiki mbili tukapewa shimesikio mbili za bure, vile vifaa vya sikioni vya kukuza sauti. Siku aliyozivaa, jogoo wa jirani aliwika akaruka kutoka kwenye mkeka. Nililia, Mwalimu. Kwenye karatasi yao wameandika 60 kulia na 70 kushoto, maana yake sikuambiwa, na wao hawajarudi tena.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Sasa hataki. Anatoka nyumbani kavaa, akifika kwenye mwembe wa njia panda anazivua, anazitia kwenye mkebe wa rula, jioni anazivaa tena palepale. Nimemfuma kwa macho yangu. Baba yake alipojua alimchapa. Akavaa wiki moja, mwalimu wake wa darasa akaniita: zinapiga mluzi, wenzake wanacheka, wamempa jina la Refa. Mwalimu huyohuyo anasema mtoto ni mtundu tu, "akitaka anasikia, asipotaka hasikii", na yeye ana watoto zaidi ya themanini, hawezi kumsimamia mmoja. Anashauri tumpeleke shule ya bweni ya viziwi.

Bibi yake hilo hataki hata kulisikia. Anasema akianza kuongea kwa mikono, ulimi utalala. Jirani anasema Muhimbili wanafanya operesheni. Na kuna duka mjini nimeonyeshwa shimesikio mpya zinazoungana na simu, milioni mbili na laki nne. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha, nitalipa mwaka mzima.

Mimi hizi alizonazo nazitunza. Betri nikinunua pakiti ya sita nabandua vibandiko vyote siku hiyohiyo, ili asubuhi asije akachelewa shule. Na kwa kuwa tuko karibu na bahari na unyevu ni mwingi, siku za Jumapili nazianika juani. Sijui nakosea wapi. Nikope? Nimhamishe? Au nimwache asivae?

Mama Refa, Tanga

* * *

Marahaba, mama. Pole kwa kuamka alfajiri na pole kwa mawazo.

Kikoba kiache kwanza. Umeandika mwenyewe kwamba masikio yake yalichukuliwa umbo miaka miwili iliyopita, alipokuwa na miaka tisa. Tangu siku ile umemnunulia jozi ngapi za viatu? Sikio nalo linakua. Kile kipande kinachoingia sikioni, sisi tulizoea kukiita moldi, kilitengenezwa kwa sikio la mtoto wa miaka tisa, na sasa kimevaliwa na kijana wa miaka 11. Pana mwanya. Sauti ambayo mashine imeikuza inatorokea kwenye ule mwanya, inarudi kwenye maikrofoni iliyo nyuma ya sikio, inakuzwa tena, inatoroka tena, inazunguka hivyohivyo mpaka inakuwa mluzi. Umeshaona harusini mshereheshaji anaposogea na maikrofoni karibu na spika, ukumbi mzima ukaziba masikio? Mwanao anafanyiwa harusi hiyo kichwani kila akicheka au akitafuna, maana taya likisogea na mwanya unapanuka.

Jioni ya leo mwambie avae, kisha asukume moldi kwa kidole polepole iingie ndani. Mluzi ukinyamaza, mchawi wako umempata. Usiponyamaza, huenda ni nta imeziba sikio na sauti inagonga inarudi, au ule mrija mwembamba umepasuka. Nta itatolewa hospitali. Usimguse kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Nawajua akina bibi.

Mtoto wa umri wake hubadilishiwa moldi kama mara moja kwa mwaka, wadogo zaidi hata mara kadhaa. Mrija wake nao ukishakuwa wa njano na kukakamaa hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Hayo yote hayahitaji mashine mpya. Na hiyo ya milioni mbili na laki nne, ukiichomeka kwenye moldi ya zamani, itapiga mluzi uleule. Utakuwa umemkopea filimbi ya bei ghali.

Hapa niseme la moyoni. Kambi za namna hii nimeziona nyingi katika miaka yangu ya kufundisha. Watu wanakuja na nia njema, wanagawa, picha zinapigwa, mama analia, wanaondoka. Kugawa ni kazi ya siku moja. Moldi, mrija na betri ni kazi ya miaka, na hiyo huwa hawamwachii mtu yeyote. Nimefungua makabati ya walimu wakuu nikakuta shimesikio nzima kabisa, kwenye maboksi yake, kwa sababu watoto walikua na hakuna aliyewapima upya. Kwa hiyo usijilaumu.

Ila betri, mama, hapo unazitupa hela zako. Betri hizi zinatumia hewa. Ndani mna zinki, na kibandiko kimeziba vitundu vya kupitishia hewa. Ukikibandua hewa inaingia, kazi inaanza, na ukikirudisha haisimami. Ziwe sikioni au kabatini, zinazeeka. Ukibandua sita siku moja, mbili zinafanya kazi na nne zinakufa taratibu kwenye droo. Bandua mbili tu, siku ile za zamani zinapokwisha, ziache wazi kama dakika moja zivute hewa ndipo uzitie. Kama kibandiko ni cha rangi ya chungwa ni namba 13, cha bluu ni 675. Shika rangi hiyo ukienda dukani. Usiku fungua kile kimlango cha betri.

Na jua, hapana. Joto linaharibu mashine. Tafuta kopo lenye mfuniko unaobana, utie vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, utoe betri, ulaze shimesikio humo usiku kucha. Kwa hewa ya Tanga hilo ni la kila siku, si la Jumapili. Moldi unaichomoa kwenye mashine, unaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, unaupuliza mrija mpaka tone la mwisho litoke. Mashine yenyewe isiguse maji.

Sasa nije kwa yule mwalimu mwenzangu na "akitaka anasikia". Nimelisema neno hilo mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, kwa mtoto aliyeketi dawati la nyuma. Nalijutia mpaka leo.

Zile namba 60 na 70 ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ndipo sauti inapoanza kusikika kwake. Mazungumzo ya kawaida, mkiwa mmeachana kama mita moja, ni desibeli 60 hivi. Maana yake bila mashine, sauti yako ya kawaida inagusa tu kizingiti cha sikio lake la kulia, na la kushoto haifiki. Ukirudi nyuma hatua mbili umepotea. Kwa hiyo kwenye mwembe anapozivua, mwanao anaingia darasani kukaa siku nzima akiangalia midomo.

Na kusikia kwenyewe si kama kupunguza sauti ya redio. Mara nyingi sauti nene huwafikia zaidi kuliko nyembamba, na irabu zina nguvu kuliko konsonanti. Mtoto wa namna hii anasikia a na a, lakini p, t, k na s zinamponyoka. Sasa mwambie "paka", "taka", "saka", "kata", "pata". Kwake ni neno moja. Halafu fikiria Kiswahili chetu kinavyobeba mambo makubwa kwenye herufi moja ya mwanzo. "Nitakuja" na "sitakuja": ile s ikipotea, amebaki na "itakuja", na hajui umekubali au umekataa. Mwalimu akisema "msifungue madaftari", anafungua. Anachapwa kwa utundu.

Midomo nayo si kitabu cha kuaminika. Baba yake akirudi jioni, mkalishe, mwambie azibe masikio kwa vidole, kisha bila kutoa sauti mtamkie "baba", halafu "mama", halafu "papa". Muulize umesema nini. Midomo inafunga na kufunguka vilevile mara zote tatu, na hawezi kukwambia kama umemwita yeye, umejitaja wewe, au umezungumzia samaki. Hilo ndilo zoezi la mwanao kila siku toka saa moja na nusu asubuhi. Nadhani baada ya hapo fimbo itapumzika.

Kwa hiyo hata moldi mpya ikipatikana, darasa nalo lazima lifanyiwe kazi. Shimesikio haijui kuchagua. Inakuza sauti ya mwalimu pamoja na bodaboda nje, watoto themanini, na madawati ya chuma yakiburuzwa sakafuni, ambayo kwake ni kama kisu kwenye sahani. Nilichofanya mimi ni kukusanya kandambili zilizokatika, nikakata vipande vya lapa, tukavifunga chini ya miguu ya madawati. Hakuna mradi wala ufadhili, ni wembe na uzi wa kushonea viatu. Kelele zilipungua, na aliyefurahi kuliko wote ni mwalimu wa darasa la jirani.

Pa kukaa: sikio lake zuri ni la kulia, kwa hiyo akae upande wa kushoto wa darasa, ili hilo la kulia lielekee kwa mwalimu na kwa wenzake. Mstari wa pili ni bora kuliko wa kwanza, kwa sababu akiona wenzake wa mbele wanatoa daftari na yeye anajua kinachoendelea. Mwalimu asisimame dirishani mwanga ukiwa mgongoni mwake, uso unakuwa giza. Na asiongee huku anaandika ubaoni. Haya mpelekee mwalimu kwa adabu, siku unayompelekea vitumbua. Akikwambia hawezi kumpendelea mmoja, nenda kwa mwalimu mkuu, mkumbushe kwa upole kwamba iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mtoto kuwekewa mazingira ya kusoma si hisani ya mtu.

Kipo kifaa ambacho, kama siku moja mtapata mfadhili au kamati ya shule ikichangamka, ningekiomba kabla ya hiyo mashine ya dukani: maikrofoni ndogo anayoivaa mwalimu shingoni, inayorusha sauti kwa mawimbi ya redio moja kwa moja mpaka kwenye shimesikio. Sehemu ya wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli sita. Maikrofoni hii inafuta huo umbali, mwalimu anakuwa kama anaongea shubiri moja kutoka sikioni. Si kila shimesikio inaipokea, ulizia kwanza. Na mwalimu ajifunze kuizima. Mimi niliwahi kutoka nayo mpaka ofisini, tukamsengenya mkaguzi kwa kituo, niliporudi darasani mtoto wangu mmoja alikuwa anacheka peke yake.

Simu yako ya kawaida ya Android nayo usiidharau. Google walitoa programu ya Live Transcribe mwaka 2019, na kati ya walioiasisi ni Dimitri Kanevsky, mtafiti ambaye mwenyewe ni kiziwi. Unaongea, maneno yanajiandika kwenye kioo, hata Kiswahili. Darasani haitawezekana, simu ni marufuku na kelele zitaichanganya, na inataka bando. Lakini jioni kwenye kazi ya nyumbani, au shangazi yake anapopiga soga kwa kasi, atajua watu wanacheka nini. Watoto hawa wanakosa zaidi soga kuliko hesabu.

Jirani asikuchanganye. Ni kweli Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, lakini upandikizaji ule kwa kawaida ni wa wale ambao shimesikio haiwasaidii, na unafaa zaidi mtoto akiwa mdogo sana. Wa kwako shimesikio ilimsaidia. Jogoo alimsikia.

Bibi sasa. Mpe heshima zake, kisha mwambie mwalimu kasema ulimi haulali. Nimefundisha watoto wenye usikivu kama wa mjukuu wake walioshika Lugha ya Alama ya Tanzania, na kuongea kwao hakukupungua. Wengi waliongea zaidi, kwa sababu hatimaye walikuwa na la kusema. Neno ulilolielewa kwa mkono ni rahisi kulitafutia sauti. Na ile si ishara za kubahatisha sokoni, ni lugha yenye sarufi yake. Siku betri zimekwisha na mvua inapiga bati, wote darasani mnakuwa viziwi, ila yeye peke yake ana lugha.

Lakini kumjua kiziwi mwenzake si sawa na kumhamishia bweni ili mwalimu wake apumzike. Shule za viziwi tunazo na zina historia, Tabora tangu 1963, Buguruni tangu 1974, na kwa mtoto asiyepata chochote kwa masikio zimekuwa mkombozi. Wa kwako sina uhakika kama anaihitaji, kwa sababu tangu sikio lilipokua hajapewa nafasi ya kusoma akiwa na moldi inayomtosha. Mpe mihula miwili. Wakati huohuo ulizia kama wilaya yenu ina shule ya kawaida yenye kitengo cha wanafunzi viziwi, na utafute watu wa Chama cha Viziwi, CHAVITA, wakuonyeshe pa kujifunza alama, wewe na ndugu zake pamoja naye. Ukifika wakati wa kufikiria bweni, mpeleke kwanza akashinde siku nzima huko, arudi, umuulize yeye.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza ni hospitali ya rufaa ya mkoa, idara ya masikio, pua na koo. Kama hawana mtaalamu wa usikivu wakupe barua ya kwenda Muhimbili au KCMC Moshi. Beba ile karatasi ya kambi. Utaona ina alama za duara na za msalaba: duara, mara nyingi jekundu, ni sikio la kulia, msalaba wa bluu ni la kushoto, na kadiri alama inavyoshuka chini ndivyo sikio linavyohitaji sauti kubwa zaidi. Waombe wapime upya, miaka miwili ni mingi, wachukue umbo jipya, na wairekebishe mashine kwa vipimo vipya. Omba pia kitabu chao cha tarehe ya kurudi.

Ukishapata, kila asubuhi kabla hajatoka, ziba mdomo wako kwa karatasi, simama nyuma yake hatua mbili, tamka moja moja bila mpangilio: aa, uu, ii, mm, sh, ss. Arudie anachosikia. Kipimo hiki kiliachwa na Daniel Ling, mtaalamu wa usikivu na kufundisha watoto viziwi, na kinachukua muda mfupi kuliko kugeuza kitumbua. Jana alikuwa anaisikia ss na leo haisikii, angalia betri, angalia mrija, usimwangalie yeye kwa jicho baya.

Na moldi siku hizi zinatengenezwa kwa rangi mbalimbali. Muulize mtaalamu kama anazo, na mwache kijana achague mwenyewe. Kama ni shabiki wa Coastal Union, timu yenu ya Tanga, aweke nyekundu sikio moja na nyeupe la pili. Refa hawezi kuvaa jezi ya timu, watamtafutia jina jingine.